Mwewe Hewani: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha Ndege Mbuai Wakiruka, Pwani ya Bagamoyo

Picha nyingi za mwewe zinazopigwa soko la samaki la Bagamoyo zina moja kati ya kasoro mbili. Ama ndege ni doa jeusi kwenye mbingu nyeupe, ama anaonekana mkia na mgongo tu, anakwenda zake. Mpigaji akifika nyumbani huilaumu lenzi na kuanza kuulizia bei ya nyingine kubwa zaidi. Mara nyingi lenzi haina kosa. Alisimama mahali pabaya, na mahali pazuri pa kusimama huamuliwa na vitu viwili: jua na upepo.

Ndege mbuai, yaani mwewe, furukombe, kozi, kipanga na tai, huinuka, hutua na kunyakua chakula akiukabili upepo. Upepo wa mbele humpa mnyanyuko, kwa hiyo anaweza kwenda polepole bila kuanguka. Ukisimama upande unakotoka upepo, atakuja akikutazama usoni, tena kwa mwendo wa taratibu. Ukisimama upande unakoelekea upepo, utapiga mkia siku nzima. Ongeza jua: likiwa mgongoni kwako, mwanga unamwangukia ndege usoni na kifuani, na jicho linapata ile nukta ndogo ya mng'ao inayomfanya aonekane hai. Kazi yako ya kwanza, kabla ya kugusa kamera, ni kutafuta saa na mahali ambapo jua na upepo vyote viwili viko mgongoni.

Saa na msimu

Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki, na kidogo kaskazini. Jua linachomoza baharini. Asubuhi, basi, simama chini kwenye mchanga, mpe bahari mgongo, utazame soko na minazi. Lakini alfajiri kuna tatizo ambalo wavuvi wanalijua kuliko wapiga picha: upepo wa saa hizo ni umande, unaotoka nchi kavu kwenda baharini, ndio unaosaidia vyombo kutoka. Mwewe atakuwa anatazama bara. Mwanga ni mzuri ajabu, ila unauona mgongo wake.

Subiri upepo ugeuke. Nchi kavu ikipata joto, upepo wa bahari huanza kuingia, na msimu wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, huingia ukiwa na nguvu na unatoka upande uleule wa jua. Hapo ndipo penye mali: kuanzia kama saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi. Jua bado halijawa utosini, upepo uko mgongoni kwako, na kila mwewe anayeshuka sokoni anakuja na uso wake. Kama una siku moja tu ya kwenda Bagamoyo kwa kazi hii, chagua asubuhi ya kaskazi na usilale hadi saa tatu.

Msimu wa kusi hesabu inabadilika. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, na mwezi Juni na Julai jua linachomoza likiwa limesogea kaskazini ya mashariki. Vitu viwili vinaachana. Usihangaike kuvilazimisha, simama upande wa kusini-mashariki wa mahali ndege wanaposhukia na ukubali mwanga wa ubavuni. Mwanga wa ubavuni unachora manyoya vizuri, ila upande mmoja wa uso unaingia kivulini.

Jioni jua liko nyuma ya mji na upepo unatoka baharini, kwa hiyo ndege waliomulikwa vizuri wanakupa kisogo. Dawa yake ni kupiga mwewe anayepita sambamba na ufukwe. Subiri aanze kugeuka: katikati ya kona bawa moja linainuka, uso unageuka kuelekea bara, na kwa muda mfupi sana una mwanga na jicho kwa pamoja.

Kati ya saa tano na saa tisa mchana, funga begi ukale. Jua likiwa juu, uso wa ndege uko kivulini, na joto linalopanda kutoka mchangani linafanya hewa icheze kama maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayopenya hewa hiyo.

Angalia pia bahari. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji ya pwani hii hupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano hivi, na fungu pana la mchanga hubaki wazi. Hilo lina faida mbili. Unapata nafasi ya kurudi nyuma bila kuingia majini, na mchanga wa rangi nyepesi hurudisha mwanga juu na kuangaza mabawa kwa chini. Mwewe huyohuyo akipita juu ya paa la soko au juu ya mikoko, chini ya mabawa panakuwa giza. Maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, hayakupi nafasi hiyo.

Vifaa: hesabu kabla ya kununua

Wengi hudhani lenzi ya mm 600 ni lazima. Kwa mwewe wa sokoni ni mzigo. Mabawa yake yaliyokunjuliwa hufikia kama mita 1.4, naye anashuka hadi mita 15 kutoka ulipo, wakati mwingine karibu zaidi. Kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha APS-C, kile kidogo cha kamera nyingi za kawaida, na lenzi ya mm 200, kwa umbali huo, inaona upana wa mita 1.76. Mwewe anaenea na nafasi kidogo inabaki. Kwa mm 300 upana huo unashuka hadi mita 1.18, na ncha za mabawa zinakatika. Kamera ya fremu kamili, yenye kihisi kikubwa zaidi, ikiwa na mm 300 inaona mita 1.8. Kwa hiyo lenzi ya kawaida ya mm 70–300 inatosha kabisa sokoni, na uhuru wa kupunguza ukaribu ni muhimu kuliko urefu.

Furukombe ni habari nyingine. Mabawa yake ni mita 2 au zaidi, lakini hakuruhusu umsogelee. Mita 40 ni bahati. Hapo mm 400 kwenye APS-C inakupa upana wa mita 2.35, ambao unamtosha.

Miguu mitatu iache nyumbani. Ndege anayegeuka juu ya kichwa chako hafuatiki kwa kitu kilichosimikwa chini. Chukua kadi ya kumbukumbu yenye kasi ya kuandika, kwa sababu kamera hukwama pale kumbukumbu yake ya ndani inapojaa. Kadi ya polepole itakufungia mlango sekunde ileile mwewe anaponyakua. Betri mbili. Koni ya plastiki ya mbele ya lenzi usiivue hata siku ya mawingu, maana inazuia chumvi na vidole. Vitambaa viwili laini, kimoja cha kulowesha na kingine kikavu, na chupa ndogo ya maji baridi, si ya bahari.

Kuweka kamera

Weka kila kitu kwa mkono: kasi ya shata, tundu la lenzi (namba ya f) na ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga). Sababu ni hii. Mwewe anapozunguka, nyuma yake panabadilika kutoka mbingu nyeupe kwenda minazi, kisha paa la mabati, kisha bahari. Kamera ikiachwa ipime yenyewe, itamtia giza kwenye mbingu na kumuunguza, yaani kumfanya mweupe mno, kwenye minazi, ilhali mwanga unaomwangukia ndege haujabadilika hata kidogo. Ukishaweka namba za jua lile, zinabaki sahihi popote anapopita, hadi wingu lije.

Namba za kuanzia, jua kali likiwa mgongoni: kwa mwewe, ambaye ni kahawia na anameza mwanga, 1/2000, f/5.6, ISO 400. Saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa chini, pandisha ISO hadi 800. Ukitaka kugandisha ule mnyakuo wenyewe, shata ipande hadi 1/3200 na ISO ifuate hadi 640. Kwa furukombe geuza mawazo: kichwa, kifua na mkia wake ni vyeupe, na ndivyo vinavyoungua. Anza na 1/3200, f/7.1, ISO 400. Mwili wake wa hudhurungi utaonekana mzito kwenye skrini; uache, giza hilo linafunguka baadaye kwenye kompyuta. Weupe uliokwisha kuungua haurudi. Piga RAW, faili ghafi linalohifadhi yote yaliyonaswa na kihisi.

Piga picha ya majaribio, uangalie histogramu (grafu ya mwanga wa picha) na onyo la kumeta (sehemu zilizoungua humeta), usiitegemee picha ya kwenye skrini. Juani skrini inadanganya.

Kwa nini 1/2000? Chukua mwewe anayekwenda mita 10 kwa sekunde. Kwa 1/500 anasogea milimita 20 shata ikiwa wazi. Kwa 1/2000 anasogea milimita 5. Kwenye kamera ya pikseli milioni 24, kwa ule upana wa mita 1.76, milimita 5 ni kama pikseli 17. Hizo bado ni nyingi, na ndiyo maana kumfuata kwa kamera si hiari. Ukimfuata vizuri, mwili wake unakaribia kusimama kwenye kihisi, na kinachobaki kukimbia ni ncha za mabawa.

Otofokasi iwe ya kuendelea (AF-C, au AI Servo kwenye Canon). Kama kamera yako inatambua jicho la ndege, iwashe, ila uwe na njia mbadala kwenye kitufe cha karibu, kwa sababu mbele ya minazi na nyaya utambuzi huo hupotea. Njia mbadala hiyo ni eneo dogo la nukta tano hadi tisa katikati. Nukta moja ni ngumu kuishikilia juu ya ndege. Eneo zima la fremu hukimbilia kitu chenye michoro mingi zaidi, nacho kwa kawaida ni mnazi. Lenzi ikiwa na swichi ya kuzuia umbali, iweke isitafute karibu. Kitulizaji cha mtikisiko weka hali ya kufuata mwendo, au kizime kabisa ukiwa juu ya 1/2000.

Kina cha ukali nacho kina hesabu yake. Lenzi ya mm 300, f/5.6, mita 15, kwenye APS-C: kinachotoka kikali ni kama sentimita 55 tu kutoka mbele hadi nyuma. Mwewe akipita kwa ubavu, jicho likiwa kali, bawa la karibu litakuwa laini kidogo. Hiyo si kosa. Bawa kali na jicho laini ndilo kosa.

Mwili wako ndio mguu wa kamera

Fungua miguu upana wa mabega. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, mbele kadiri uwezavyo, kiwiko kimegusa ubavu. Vidole vya miguu vielekee mahali unapotaka kumalizia, si pale ndege alipo sasa. Kisha zungusha kiuno kumpokea. Ukianza umenyooka utaishia umejisokota, na ndipo picha zinapotikisika.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Mwone kwa macho mawili akiwa bado mbali. Usianze kumtafuta ndani ya kamera.
2. Lenzi iwe imelengwa tayari umbali wa kama mita 20, kwa kulenga kitu mchangani. Lenzi iliyobaki imelenga karibu haitamwona ndege kabisa, itazunguka mbele na nyuma huku anapita.
3. Inua kamera jichoni huku macho hayamwachi. Kama lenzi inavutwa, anza na mm 100 hivi, mshike, kisha vuta.
4. Bonyeza fokasi kidogo, achia, bonyeza tena. Kila ukirudia, kamera inapima upya.
5. Mfuate angalau sekunde moja bila kupiga. Mwendo wako uwe sawa na wake.
6. Piga mafungu mafupi ya picha tatu hadi tano, na uendelee kumfuata hata baada ya kuachia.

Hatua ya tano ndiyo wanaoanza huiruka, na ndiyo inayotenganisha mfululizo wenye picha moja kali na ule wenye kumi. Jizoeze kwa kunguru. Bagamoyo hawana uhaba. Ukimweza kunguru anayepinda ovyo, mwewe atakuwa mwepesi.

Kumsoma mwewe

Mtazame mkia. Mwewe wetu wa mdomo wa njano ana mkia wenye panda, naye huutumia kama usukani: unapinda kwanza, mwili unafuata. Ukiuona mkia umelala upande, anza kusogeza kamera upande huo kabla hajageuka.

Wanaoparua samaki wakianza kutupa matumbo, mwewe hukusanyika juu na kuzunguka. Atakayeshuka hujitofautisha: anaacha kupiga mabawa, kichwa kinainama, macho yamekazwa mahali pamoja. Kisha anakunja mabawa nusu na kuteleza. Akikaribia, miguu ya njano inashuka. Miguu ikionekana, shikilia kitufe. Lakini usiishie hapo, maana picha bora inakuja baada ya mnyakuo. Mwewe hula akiwa hewani: akishapanda mita kumi hivi, anatulia, analeta mguu mbele na kuinamisha kichwa kuufikia. Mabawa yamekunjuka, mdomo uko kwenye utumbo wa samaki, mwendo ni wa taratibu. Wengi wanakuwa wameshateremsha kamera kuangalia skrini, na wanaukosa muda huo kila mara.

Ukiona mwewe mwenye mdomo mweusi kati ya Oktoba na Machi, usimfute haraka. Anaweza kuwa kinda wa hapa, au mgeni kutoka Ulaya na Asia aliyekuja kukaa kipindi cha baridi ya kwao. Miezi hiyohiyo yupo ndege mvuvi mwingine mgeni (osprey kwa Kiingereza), tumbo jeupe na mstari mweusi unaopita jichoni, ambaye hujitupa majini miguu mbele na kuzama. Baada ya mvua za vuli, kumbikumbi wakitoka, angalia juu jioni: kozi wadogo wa Amur, wanaosafiri kutoka mashariki ya mbali ya Asia kuvuka Bahari ya Hindi, huwanyaka hewani kwa kucha. Kwa hao tumia 1/3200, na usikate tamaa ukipata moja kati ya mia.

Sokoni, omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera upande wa watu. Salamu kwanza, shikamoo kwa wakubwa, ueleze kwamba unapiga ndege. Wanaokaanga samaki wako kazini, na utakuwa umesimama katika njia yao. Usitupe chakula kuwaita mwewe, hasa karibu na mafuta ya moto na watoto: ndege aliyezoea kutupiwa huanza kupokonya watu mikononi.

Furukombe, mlango wa Ruvu

Kaskazini mwa mji, Mto Ruvu unaingia baharini kupitia mikoko, na huko ndiko kwa furukombe. Nenda kwa mashua na nahodha anayejua mikondo, mwingie maji yakiwa yanajaa ili msikwame kwenye tope. Mwombe azime injini mapema na kuacha chombo kielee. Injini ikikatwa ghafla karibu na ndege, ukimya wenyewe unamshtua. Kaa chini, magoti yashike viwiko, na shata isishuke chini ya 1/2500, kwa sababu sasa hata wewe unasogea.

Furukombe hukaa muda mrefu juu ya mti mkavu, na mikono yako itachoka kabla yake. Usiinue kamera muda wote. Anapotaka kuruka hutoa dalili: anajinyea, anainama mbele, anakaza miguu. Ukiona kinyesi cheupe kinatoka, inua. Ataruka kuelekea upepo, kwa hiyo mashua iwe imeshawekwa upande huo. Akienda kuvua, hazami kama yule mvuvi mgeni wa tumbo jeupe. Anateleza chini sana, miguu inatupwa mbele, na samaki anang'olewa juu ya uso wa maji. Acha nafasi chini ya fremu kwa ajili ya kivuli chake majini na matone. Kiota ukikiona, rudini. Mzazi aliyefukuzwa huacha mayai juani.

Picha imeharibika: kwa nini?

Kuza hadi ukubwa kamili, uangalie jicho, ncha za mabawa na kilicho nyuma ya ndege. Kila kitu kimevutika upande mmoja: shata ilikuwa polepole au hukumfuata. Ndege laini na minazi ya nyuma kali: fokasi ilikimbilia nyuma, punguza eneo la nukta. Ndege laini na hakuna popote palipo pakali, kingo zinacheza kama mtu amelitikisa tui: ni joto la hewa, rudi mapema kesho. Jicho kali na ncha za mabawa zimefifia: iache, huo ni mwendo, na mara nyingi ni uzuri.

Chumvi

Usiku uleule, usingoje asubuhi. Kwanza puliza mchanga kwa kipulizio cha mpira. Ukianza kufuta, chembe zitakwaruza kioo. Lowesha kitambaa kwa maji baridi, kamua hadi kisidondoshe, pangusa mwili wa kamera na lenzi, hasa pete zinazozunguka, kisha kausha kwa kile cha pili. Chumvi hainyonywi na kitambaa kikavu, inasambazwa tu. Kama unalala chumba chenye kiyoyozi, asubuhi fungia kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, na uuache umefungwa nusu saa nje. Mvuke utaganda kwenye plastiki badala ya kwenye kioo. Nyumbani, hifadhi lenzi kwenye boksi linaloziba pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na uitoe juani kidogo kila wiki hata kama huitumii. Kuvu ya lenzi huanza kama uzi mmoja mwembamba ndani ya kioo, kwenye begi la giza lililosahauliwa uvunguni.